Gari Lililoombewa Mapema

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka wiki nzima. Nilienda Kitale kuangalia gari kuukuu la spoti, lililokwisha kutembea zaidi ya kilomita laki tatu. Akili iliniambia nirudi nyumbani. Lakini muuzaji, Baba Njeri, akawasha taa, zikainuka kutoka kwenye boneti, nami nikarudi utotoni. Gari kama hilo lilikuwa likipita kwetu Bungoma, na marehemu baba alikuwa akishuka kwenye baiskeli kulitazama hadi vumbi litulie.

"Siku moja nitambeba mama yako na kama hiyo," alikuwa akiniambia.

Nikaomba kulijaribu. Baba Njeri akaketi kando yangu, nikaliendesha moja kwa moja hadi Bungoma, kwa mama. Likazimika lenyewe langoni. Baba Njeri akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Mama alitoka na vigelegele. Akalipapasa boneti huku machozi yakimtoka.

"Baba yako angeiona hii!"

Nikamfungulia mlango aketi ndani. Majirani wakajaa, kuku akakamatwa, na pasta akaitwa, maana kwetu gari jipya halianzi safari bila maombi. Alipomshukuru Mungu kwa zawadi hiyo, niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Sasa mwenye gari alete ufunguo tuuombee," pasta akasema, akininyooshea kiganja.

Nikamtazama Baba Njeri. Akautoa mfukoni, lakini hakuuachilia.

"Ombea tu, Pasta," akasema. "Na huyu kijana umuombee pia, aamue kama ananunua ama hanunui."