Ngoja Ipoe

Wiki iliyopita nilikuwa Migori, nimepiga magoti sakafuni nikikunja mashati ya kaka yangu, niliposikia polisi. King'ora kilitoka chumba cha pili. Kilianza chembamba, kama kiko mbali, kisha kikasogea. Nikageukia mlango. Wifi yangu, aliyekuwa akitoa vyombo kabatini, hakugeuka hata kidogo.

"Ni mtoto huyo," akasema. "Yuko na simu ya baba yake."

Ilikuwa gemu ya magari. Nilijua hivyo kabla hajamaliza kusema, lakini mwili haukungoja kichwa. Kaka tulikuwa tumeshamzika nyumbani Kendu Bay, na sasa tumerudi kuondoa vitu vyake kabla mwenye nyumba hajaleta mpangaji mwingine. Nikabaki na shati mkononi, nikisikiliza magari yakipiga breki nyuma ya ukuta. Sijui niseme vipi zaidi. Wewe ambaye umewahi kukunja nguo za mtu aliyeondoka utanielewa.

Kendu Bay ya utoto wetu ilinuka dagaa wa omena na sabuni ya mche. Mama yetu alifanya biashara ya samaki kisiwani Remba, akija na kuondoka, kwa hiyo nyanya ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu. Nyanya alikuwa Msabato wa kwelikweli. Ijumaa kwetu haikuwa siku ya kucheza. Tangu asubuhi tulichota maji ya siku mbili, tukapiga viatu rangi, tukanyoosha nguo kwa pasi ya makaa, tukapika nyoyo ya mahindi na maharagwe ya kutosha kesho yake, maana Sabato ikishaingia hakuna kuwasha moto wala kushika ufagio. Sabato iliingia jua likizama nyuma ya mlima wa Homa. Nyanya alisimama mlangoni akilitazama likienda, na lilipogusa mlima akaanzisha wimbo. Wimbo ukiisha, kila mtu wa nyumba ile alitakiwa awe amekaa.

Nyuma ya soko palikuwa na kibanda cha mabati cha fundi wa redio. Redio zilipokosa wateja, fundi alileta televisheni na mashine ya gemu, akaweka benchi, akatundika gunia mlangoni ili jua lisiingie. Ndani kulikuwa na joto la kuokea mkate na harufu ya waya zinazoungua. Kaka yangu alikipenda kibanda kile kuliko alivyopenda chakula.

Watu hucheza gemu moja na kila mmoja akawa na yake anayotaka humo. Kaka alitaka polisi. Mashindano ya kawaida, magari manne yakizunguka mji, yalimchosha. Alitoka barabarani makusudi, akatafuta gari la polisi lililoegeshwa, akaligonga nyuma kidogo, kisha akaondoka kama mwizi wa kuku. "Mbio bila polisi ni uji bila sukari," alituambia. Mwana wa fundi cherehani, aliyekaa naye benchi moja, hakujali mbio wala polisi. Muda wake wote uliishia kwenye kupaka gari rangi na kubadilisha magurudumu, na alipomaliza alimpa mtu mwingine aendeshe. Siku hizi anauza vitenge Rongo na duka lake linapendeza.

Mimi nilitaka kutembea tu. Nilisimama kwenye taa nyekundu. Nilikaa kushoto kama mwalimu alivyotufundisha, na kwa kuwa mji ule ulikuwa wa nchi ambako watu huendesha kulia, kila gari lilinijia usoni, na mimi nikakataa kabisa kuhama kwa sababu sikuwa na kosa. Kibanda kizima kilicheka.

"Unaendesha kama mke wa pasta," kaka alisema. "Mke wa pasta anayefuata jeneza."

Lakini kuna jambo moja nililomshinda. Ukishawapotea polisi wa gemu ile, hujawashinda bado. Unatafuta mahali, chini ya daraja au nyuma ya ghala, unazima gari, unatulia. Chini ya kioo kuna mstari wa buluu unaojaa pole pole. Wakikuona kabla haujajaa, mnaanza upya. Ukijaa, wanakusahau. Sisi tulisema imepoa. Nyanya naye, kwa Kijaluo chake, alitumia neno moja tu kwa uji uliopoa na kwa ugomvi ulioisha, kwa hiyo neno hilo halikuwa geni kwetu. Kaka aliweza kukimbia kuliko mtu yeyote sokoni, lakini kutulia hakuweza. Kidole kilimwasha. Mstari ukifika katikati, alichungulia, aliguna, aligusa, na hapo hapo ving'ora vikarudi. Mimi nilikuwa naweza kukaa mpaka inzi anitue puani.

Nyanya hakukitaka kibanda kile, na hasa hakutaka sauti ya kile king'ora. Alikuwa na sababu yake. Mwanawe wa kwanza, baba yetu mkubwa, alikimbizwa na askari kwa ajili ya magunia ya sukari ya magendo, akavuka kwenda Tanzania kupitia Muhuru Bay, na hakurudi tena. Hakuna aliyeleta habari kama yu hai. Nyanya aliendelea kumwekea kiti. Ndiyo maana alisema siku moja, bila kupandisha sauti, kwamba mjukuu atakayekutwa kibandani Sabato ikiingia, shule zikifungwa atakwenda Migori kwa mjomba, na hatarudi. Mjomba alikuwa na mashine ya kusaga unga, na mkono mwepesi wa kupiga. Nyanya hakuwa mtu wa kusema kitu asikifanye.

Ijumaa ile kaka alitoka kwenda kuchukua viatu kwa mshona viatu, akachelewa. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Nyanya akanituma nimwite. Nilikimbia nikiwa nimeshavaa gauni la kanisani, nikajua pa kwenda bila kuuliza. Nilipoinua lile gunia, hakuna aliyenitazama. Walikuwa wamesimama juu ya benchi. Kaka alikuwa katika mbio ambazo kibanda kile hakijawahi kuona. Magari ya polisi yalijaa kioo, helikopta juu, na gari lake, lile alilolitafuta tangu mvua za masika, limepasuka kioo na linavuta upande mmoja. Akikamatwa, gari linachukuliwa. Na ukiwa katikati ya mbio, mashine ile haikubali kuhifadhi chochote. Kuzima ni kupoteza.

Nikamwambia jua linakwenda. Akaniambia anajua. Jasho lilikuwa likimtoka puani. Akapita kwenye kituo cha mafuta, akavunja uzio, akashuka bonde la maji taka, akaingia chini ya daraja na kuzima. Kibanda kikanyamaza. Mstari wa buluu ukaanza. Na hapo, kutoka nyumba za Wasabato zilizo juu ya soko, tukasikia wimbo wa kwanza ukianza.

Nyanya yetu hakuwahi kuanza nyuma ya majirani zake. Nikaona kaka akiutazama mlango, akaitazama televisheni, akautazama mlango. Kidole kilianza kutetemeka juu ya kile kidude cha kuendeshea tulichokiita padi. Gari la polisi likaja pole pole juu ya daraja na kusimama. Kaka akanivuta, akanikalisha mahali pake, akaniwekea padi mikononi.

"Shika. Usiguse kitu," akasema. "Wewe ndiye unajua kukaa. Nyanya ataniangalia mimi kwanza, wewe nitakutetea."

Akaondoka. Nilisikia miguu yake ikipiga changarawe. Nikakaa. Sidhani nimewahi kukaa namna ile tena, isipokuwa mara moja, na nitakueleza. Taa za polisi zilipita juu ya maji, zikageuka, zikarudi. Mtu nyuma yangu alipumua kwa nguvu, wengine wakamfinya. Nje, nyumba moja ilimaliza wimbo wake, nyingine ikaendelea, na mimi nilijaribu kuisikia sauti ya nyanya ndani ya zile sauti zote, nikaipata, ikiwa kwenye ubeti wa mwisho. Ningeweza kuweka padi chini. Mstari ulikuwa umebakiza ukucha. Sikuweka. Kisha kioo kikawa cheupe, na kibanda kizima kikasema kwa sauti ya chini, kama watu waliomaliza sala, "Imepoa."

Nilifika nyumbani wimbo umeisha, na sala pia. Walikuwa wamekaa. Kaka alikuwa na viatu miguuni kana kwamba hajatoka. Nyanya aliniuliza nilikuwa wapi. Sasa, sisi tulifundishwa kwamba uongo ni mbaya siku zote, lakini ndani ya Sabato ni mbaya mara mbili. Nikamjibu nyanya yangu kweli tupu, jinsi nilivyoiona.

"Polisi walikuwa wanamtafuta kaka," nikasema. "Nilibaki kumficha mpaka waende."

Nyanya aliweka bakuli chini. Sikuelewa kwa nini mikono yake inatafuta ukuta. Nilidhani kila mtu anajua ni polisi gani. Akamgeukia kaka.

"Nyathina, mwanangu, ni kweli?"

Kaka alinitazama. Kwanza niliona kicheko kikimpanda kifuani, nakijua kicheko chake. Kisha kikashuka. Akanitazama tena, gauni langu, magoti yangu yenye vumbi la kibandani, na yeye asiyeweza kutulia akatulia.

"Ni kweli, nyanya."

"Wamekuona uso?"

"Hapana. Gari tu."

"Gari la nani?"

"Si letu."

Nyanya hakuuliza tena. Kesho yake kanisani mzee wa kanisa aliomba kwa ajili ya kijana wetu mmoja anayefuatwa, na kwa kuwa Kendu Bay ni ndogo, kila shingo iligeukia benchi letu. Mwana wa fundi cherehani aliinamisha kichwa kuliko wote, mabega yakimtikisika. Jumapili alfajiri, kabla hata shule hazijafungwa, nyanya alimfungia kaka nguo na nyoyo iliyobaki, akampeleka Migori mwenyewe.

"Akae huko mpaka mambo yapoe," alituambia.

Hayakupoa. Mashine ya mjomba ilimzoea, shule ikamsahau, na baadaye akawa dereva wa lori la mahindi. Dereva mwangalifu sana, wenzake walisema hivyo matangani, wala hawakujua kwa nini nilifunika mdomo. Mimi nilibaki kwa nyanya, nikasoma mpaka kidato cha pili. Nyanya alizeeka akimwombea, na alikufa akiamini kwamba alimwokoa mjukuu yule asifuate njia ya mwanawe. Hakuna kati yetu aliyemwambia. Tungeanzia wapi?

Figo zilipomharibikia kaka, alikuwa akija hospitali Homa Bay kuunganishwa na mashine inayosafisha damu, nami nikawa naenda kukaa naye. Hapo ndipo mara ya pili niliyoitaja. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa, sasa amelazwa, mkono umenyooshwa, mirija imejaa wekundu, na mimi nimeshika ule mkono mwingine usisogee. Alitazama taa za mashine, akatabasamu.

"Usiguse kitu," akaniambia.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza. Kwa nini hakumwambia nyanya kwamba ni gemu. Alifunga macho nikadhani amelala.

"Ningesema gemu, angeuliza nani alikuwa kibandani Sabato ikiingia," akasema. "Ungeenda wewe. Na wewe huwezi kukimbia."

Nilikaa tu. Mara ya mwisho nilipoushika mkono ule, ulikuwa umepoa, na muuguzi alinigusa bega mara kadhaa kabla sijauachia.

Kibanda cha fundi wa redio hakipo. Pale sasa pana duka la dawa za mifugo, na anayeuza hajui kama pamewahi kuwa na benchi. Watoto wana simu, kila mmoja na yake pembeni, polisi wake mwenyewe, hakuna wa kusimama nyuma yako na kuzuia pumzi. Nyumba za Wasabato bado zinaimba Ijumaa, lakini nikisikiliza, sauti niliyoizoea haimo.

Basi wiki iliyopita nikaacha mashati, nikasimama mlangoni mwa kile chumba cha pili. Binti wa kaka yangu alikuwa amejikunja kitandani, simu karibu na pua, kidole kikitetemeka kama cha baba yake. Alikuwa amejificha nyuma ya ghala. Mama yake akamwita mara ya kwanza akaoge, akamwita mara ya pili kwa jina lote.

"Waya," akaniambia, maana ndivyo mtoto anavyomwita dada ya baba yake, "nishikie. Usiguse kitu."

Nikakaa kitandani kwa ndugu yangu, nikaishika simu yake kwa mikono miwili. Gari la polisi likapita mbele ya ghala, likasimama, likafikiri, likaondoka. Mstari wa buluu ukaenda, ukaenda, ukajaa. Kioo kikawa cheupe. Nje maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni.

"Waya, imepoa?" mtoto akauliza kutoka bafuni.

"Bado," nikamwambia. "Ngoja kidogo."