Hotpoti Ndani ya Korongo

Sisi wa Wembley hatusafiri bila chakula chetu, hata tukienda jangwani Marekani. Mlangoni mwa korongo, kiongozi wetu alitangaza kuwa ni maji tu, hakuna mabegi wala vyakula, kwa sababu njia ni nyembamba. Nikajaribu kupatana naye. Nilianzia mabegi mawili, nikashuka hadi kamfuko kamoja. Akakataa. Basi nikaificha hotpoti ya chapati ndani ya koti, nikafunga zipu.

“Mzee, tumbo hilo litapita?” akauliza kwa Kiingereza.

“Nimezaliwa nalo.”

Tulipoingia, mzaha uliniisha. Kuta nyekundu zilipanda zikijikunja kama shuka linalopeperuka, na mbingu ilibaki utepe tu. Mbele yetu nguzo ya mwanga ilishuka hadi mchangani. Hudumu dakika chache tu, na mama yangu, katika uzee wake, alikuja kuiona hiyo.

Hapo ndipo nilipokwama, hotpoti ukutani huku, mgongo kule. Mama alikuwa nyuma yangu.

“Sogea, mwanangu, nami nione.”

Nilijisukuma mara mbili. Mwanga ulianza kufifia. Nikafungua zipu.

Hotpoti ilibingirika hadi katikati ya mwanga, kifuniko kikaruka, mvuke ukapanda taratibu ndani ya ile nguzo. Mama akanipita, akainua uso.

“Subhanallah,” akanong’ona, machozi yakimtoka. Kisha akatazama chini. “Si ulisema chapati umeziacha garini?”

Kiongozi hakujua Kiswahili. Alikuwa analitafuta tumbo langu.