Alifungia karanga historia ya Magu, sasa anaiandika upya kwa mkono

Saa mbili na robo asubuhi, Truphosa Odongo anapima vitabu kwenye mzani wa nyanya. Mwanamke mmoja amemletea gunia la vitabu vya marehemu shemeji yake, na mshale unasimama kwenye kilo tisa na nusu. Truphosa anavuta kitabu kimoja, anakigeuza, anakinusa, kisha anakiweka kando kabla hata hawajapatana bei.

Meza yake iko Mirongo, jijini Mwanza. Hapa vitabu vya zamani vinanunuliwa kwa kilo, na wanunuzi wakubwa si wasomaji. Ni wauza karanga na wauza mihogo ya kukaanga, wanaotaka karatasi za kufungia.

"Nikichelewa nusu saa, kitabu kimeshakuwa karatasi," anasema mama huyu wa miaka 51, anayeitwa Mama Favour kwa jina la mwanawe, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara.

Kijana anasimama mbele ya meza. Ni Nathaniel, mwanafunzi wa chuo huko Nyegezi. Anaamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha anaomba kitabu kimoja cha kumwelewesha historia na utamaduni wa Tanzania.

"Kimoja hakipo," anajibiwa. "Viko vitatu."

Ndivyo Truphosa anavyouza, na hapunguzi. Cha kwanza kiwe kimeandikwa na waliotawala. Cha pili kiwe cha waliotawaliwa. Cha tatu kiwe cha mtu ambaye hakujua kabisa kwamba anaandika historia. Leo hicho cha tatu ni kitabu cha mapishi cha shule moja ya wasichana.

"Mapishi, mama?" Nathaniel anauliza, uso umemshuka.

"Angalia wanavyokwambia upunguze unga na uongeze muhogo. Mwaka huo watu walikuwa na njaa, ila serikali haikuiandika kwenye cha kwanza."

Nathaniel anaondoka na vyote vitatu. Siku nzuri Truphosa hubaki na faida ya shilingi elfu kumi na mbili. Siku mbaya hurudi nyumbani na nauli tu. Lakini kinachomnyima usingizi mwezi huu ni kurasa kumi na tatu.

Habari yenyewe ilianza mwaka 2009, wakati yeye mwenyewe alipokuwa akiuza karanga stendi ya mabasi ya Nyegezi. Alikuwa amenunua kilo nne za makaratasi, na ndani yake mlikuwa na kitabu kisicho na jalada, kilichopigwa kwa taipureta na kudurufiwa. Hakukiangalia mara mbili. Alichana kutoka mwanzo, karatasi moja baada ya nyingine, akasokota, akajaza karanga.

Siku ya pili abiria mmoja wa basi la Tabora alimwita dirishani. Karanga alikuwa ameshazimaliza. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoinyoosha juu ya goti.

"Aliniuliza, mama karanga, ukurasa unaofuata uko wapi? Akanionyesha, wake unaishia 38. Akasema, humu ametajwa babu yangu, anavuka mto wakati wa njaa, na sentensi imekatika."

Ukurasa uliofuata ulikuwa umeuzwa dakika chache kabla, kwenye basi ambalo lilikwisha kuondoka. Dereva akapiga honi. Abiria yule akakunja karatasi yake, akaitia mfuko wa shati, akaenda zake.

"Hakunigombeza," Truphosa anasema. "Angenigombeza ningesahau."

Jioni ile alihesabu zilizobaki. Kitabu kilikuwa na kurasa 142, na sitini za mwanzo alikuwa amezimaliza. Zilizosalia alizisoma zote. Zilieleza koo zilizohamia pwani ya ziwa upande wa Magu, mahari zilivyolipwa, ngoma za mavuno na nani alimpokea nani. Mwaka uliofuata akaacha karanga, akaanza kuuza vitabu.

Nakala nyingine aliitafuta miaka kumi na minne bila mafanikio. Hata hivyo, muda wote huo ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina la aliyekipiga chapa: Luhende, karani wa ginari, kiwanda cha kuchambua pamba, pamoja na kijiji chake.

"Niliona aibu," anakiri. "Ningefika nimwambie nini? Kwamba kazi yake nimeifungia karanga?"

Mwaka jana alipiga moyo konde, akaenda. Mzee Luhende, sasa miaka 88, alikuwa hai, na nakala ilikuwa chini ya godoro. Mwandishi, katekista rafiki yake, alikwisha kufariki. Mzee alikubali kitabu kinakiliwe, kwa masharti matatu: kisitoke nyumbani, kisipigwe picha, na kila ukurasa asomewe kwanza kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi.

"Simu itachukua karatasi," alimwambia. "Mimi nataka maneno yasomwe."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Truphosa yuko Magu na daftari lake la kaunta. Anasoma, mzee anasikiliza, na mahali ambapo kitabu kimekosea anamsimamisha. Kitabu kinasema ukoo mmoja ulifika na ng'ombe wake. "Hapana," mzee akasema, "wale walikopeshwa na wenyeji." Truphosa akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Mzee anasema.

Jumapili ya nne roho ilimsuta. Akafunga daftari, akaeleza yote, tangu mzani hadi basi la Tabora. Mzee Luhende akauliza:

"Hizo karanga ziliisha?"

"Ziliisha zote, baba."

"Sisi tulitoa nakala mia mbili, tukauza thelathini. Basi Mama Favour, umetusambazia kuliko tulivyoweza wenyewe."

Truphosa anasimulia hayo akicheka, kisha anafuta macho kwa upande wa kitenge.

Sasa amenakili kurasa 47 kati ya zile sitini. Mwisho wa mwezi huu mzee anahamia kwa binti yake Kahama, na afya yake si ya kutegemea. Zimebaki Jumapili mbili, na kwa kusoma na kusahihishwa, hawavuki kurasa tano kwa siku. Kwa hiyo wiki hii anafunga meza Jumatano na Alhamisi, akubali hasara, aende Magu.

Akimaliza, atazijalidi kurasa sitini pamoja na zile alizobaki nazo, akiweke kitabu mezani kisomwe hapo hapo bila kuuzwa.

Ukurasa wa 39 tayari ameunakili mara mbili. Nakala ya pili imekunjwa kwenye pochi yake, na kila apitapo Nyegezi huangalia madirisha ya mabasi ya Tabora.

"Babu yake alivuka," anasema. "Ng'ambo walimpokea, wakampa shamba. Mjukuu hajui mpaka leo. Sura yake naikumbuka. Nikimwona nitampa, na hatanilipa kitu."