Ngoma Iliyopotelea Kambi Muru

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilipotoka Kawangware kwenda Kibera na flashi shingoni, nimeivaa kama msalaba wa askofu. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa kufungulia kipindi cha asubuhi cha redio moja ndogo ya mtaa huo wa Kibera.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya sauti kwa masomo ya jioni, na cheti changu nilikionyesha Kawangware yote, hata kwa mbwa. Mkuu wa mafundi pale redioni, Mzee Wambua wa Machakos, aliniambia wazi kwamba wimbo ukifaa, kazi ya fundi wa sauti ni yangu, na usipofaa, ataita mwingine. Shida ni kwamba mamangu alikuwa ameshatangaza kanisani kuwa nimeajiriwa, na akina mama wakapiga vigelegele. Ningerudi nyumbani na uso gani?

Na wimbo wenyewe, usiniulize! Niliupika chumbani kwangu kwa spika mbili kubwa kama kabati. Besi ilikuwa nzito mpaka sufuria za majirani zikawa zinahama rafu zenyewe.

Mzee Wambua aliusikiliza mpaka mwisho kwa spika kubwa za studio ya redio, kisha akanirudishia flashi.

"Peleka kwa Mama Otieno, yule wa chapati kule Kambi Muru, hapa hapa Kibera. Mwambie aucheze kwa redio yake."

"Wa chapati, mzee? Kwani yeye ni fundi?"

"Si fundi. Yeye ndiye anatusikiza."

Nilienda nimenuna, lakini nilienda. Redio ya Mama Otieno ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, imetundikwa kwenye msumari, imerukiwa na mafuta miaka yote. Nikachomeka flashi. Mwanangu, besi ilitoweka! Ngoma iliyokuwa ikihamisha sufuria Kawangware, hapa haikusikika hata kidogo. Kilichobaki ni tsi-tsi-tsi tu.

"Yawa!" Mama Otieno akashangaa. "Kijana, hii ni wimbo ama ni mbu?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

"Mama, iko na ngoma kubwa sana. Ni redio yako haiwezi."

"Sasa nitafute redio ingine ndio nisikie wimbo wako? Kaa hapo ukule chapati."

Nikakaa, nikiwaza nitamwambia nini mamangu. Lakini masikio ya fundi hayajui huzuni. Mama Otieno alikuwa akitupa donge la unga mezani, pap! Kisha kiganja, pap-pap. Mlio ule mkavu ulipita juu ya mafuta yanayochemka, juu ya redio, juu ya mashine ya kusaga unga ya jirani. Nikatoa simu, nikamwomba nirekodi.

"Rekodi, lakini usiniharibie jina."

Nikarudi studio kwa Mzee Wambua, nikapunguza besi, nikauweka mkono wa Mama Otieno mahali pa ngoma. Safari hii Mzee Wambua hakugusa zile spika kubwa. Alitoa redio ndogo kwenye droo, akaegemeza sikio.

"Nani huyo anapiga?"

"Ni chapati, mzee."

Alicheka nusura aanguke kitini, kisha akanikazia macho. "Asubuhi ulikuja na wimbo wa masikio yako. Huu ni wa watu. Kuja kesho uanze kazi."

Siku wimbo ulipopigwa hewani mara ya kwanza, nilikuwa kibandani Kambi Muru. Mama Otieno aliacha chapati ikaungua.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Hiyo ni meza yangu!"

Mpaka leo, ukimuuliza kazi yake, atakwambia yeye ni mwanamuziki, chapati ni za kupitisha wakati.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, pika wimbo studio, sikatai, na ununue spika ukipenda. Lakini kabla hujasema umemaliza, toka nje. Nenda pale wimbo utakaposikika, penye kelele na redio iliyochoka, ukae usikilize pamoja na wenyewe. Wakikucheka, usilaumu redio yao. Kula chapati, tega sikio.

Mungu akupe masikio yanayofika mbali kuliko spika zako, na siku moja upite mtaa usioujua umkute mtu anageuza chapati huku akiimba kazi ya mikono yako.