Nungu Aliyefukuliwa

Shemeji yangu Delmar Hutchins, fundi wa viyoyozi hapa mjini Burbank, ana miaka hamsini na mitatu na bado analalia shuka lenye picha ya Kapteni Nungu, nungunungu wa katuni aliyemtazama kila Jumamosi asubuhi utotoni. Dada yangu alimvumilia mpaka akachoka, akaenda zake. Simlaumu.

Watengeneza filamu wanawajua vizuri watu wa aina yake. Wakiishiwa na akili, hufukua katuni iliyokufa zamani, wakaipaka poda na kuwauzia wazee kumbukumbu zao wenyewe. Basi Nungu naye akafukuliwa. Miiba yake ya manjano ikageuzwa ya kijivu, na Delmar akasusa chakula kwa hasira. Mtu mzima hovyo!

Binti yake, Corinne, alituomba twende naye sinema siku ya kwanza. Mlangoni akaninong'oneza, "Mama mdogo, ile miiba nimeipaka rangi mimi. Nilisaini nisimwambie mtu mpaka filamu itoke. Nataka baba aone mwenyewe jina langu."

Ilikuwa filamu yake ya kwanza, na baba mtu hajawahi kumuuliza anafanya kazi gani. Husema tu, "Yuko kwenye makompyuta huko."

Delmar, ndani ya joho lake la manjano, alizomea tangu mwanzo. Lakini kuondoka hakuondoka. Mashabiki hawa hawabanduki mpaka majina yote ya waliotengeneza filamu yapite, maana mwishoni huwekwa kipande kidogo cha kuwatega warudi tena. Majina yakaanza kupanda. Corinne akamshika mkono.

"Baba, tazama."

"Majina tu hayo, mama. Niache niwape vidonge vyao hawa." Alikuwa ameinamia simu, anaandika maoni ya kuiponda filamu mtandaoni.

Likatokea: Corinne Hutchins. Dogo, lakini linasomeka. Nikampiga kiwiko. "Shemeji, inua kichwa!"

"Ngoja bwana! Sikilizeni hii." Akasoma kwa sauti, huku akicheka. "Aliyempaka Nungu rangi hii hakulelewa."

Jina lilikuwa limeshapita.

"Ni kweli, baba," Corinne akasema, akichukua koti lake. "Hakulelewa."

Delmar akakunja miguu ampishe, kisha akanivuta mkono nikae, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa kinaanza.