Shufaa na toroli la maji yaliyozuiwa getini

Saa sita mchana, Jumapili, mjini Chunya. Geti la bati la bustani ya michezo ya watoto, ile ambayo wenyeji wanaiita Kwa Bembea, halishikiki kwa mkono mtupu. Anayeingia analisukuma kwa kiwiko au kwa ncha ya kanga.

Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai lililoungwa kwa viroba vya salfeti, Shufaa Yunusu anachovya kitambaa kwenye ndoo, anakikamua, kisha anamwekea shingoni mtoto wa kiume ambaye hata jina lake halijui. Uso wa mtoto umeiva kama nyanya ya sokoni.

"Kaa hapa kwanza. Hurudi ndani mpaka upoe," anamwambia. "Mama akiuliza, mwambie ni mimi, Mama Amna, niliyekuzuia."

Mezani kwake kuna juisi ya ukwaju na ya ubuyu kwa mwenye hela. Pembeni kuna ndoo kubwa yenye bomba, na vikombe vya plastiki vimepangwa juu ya sinia. Hiyo haina bei.

"Maji siuzi," anasema. "Nikiuza maji nitakuwa na tofauti gani na wale?"

"Wale" ni waajiri wake wa zamani. Hadi katikati ya Oktoba mwaka huu, Shufaa, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alikuwa upande wa pili wa barabara hii, amevaa fulana ya njano ya kazi, akichana tiketi getini. Alifukuzwa kwa kosa la kuwapa watoto maji. Na maji yenyewe yalikuwa ya watoto hao.

Shufaa ni mzaliwa wa Mbeya mjini, mjukuu wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyepanda kutoka pwani na kuweka duka huko kwenye baridi. Alikuja Chunya alipoolewa na Habibu, fundi cherehani wa sokoni. Kwa miaka mingi alikaanga vitumbua, mpaka moshi ulipoanza kumsumbua kifua. Bustani ilipofunguliwa na kutangaza kazi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuomba.

"Nilifurahi sana," anakumbuka. "Chunya hapa mtoto alikuwa hana pa kucheza. Ukitoa shule, ni vumbi na mashimo ya wachimbaji. Nikasema, Alhamdulillahi, sasa na sisi tumepata."

Furaha hiyo haikudumu. Kiwanja kile kilikuwa na miti ya mwarobaini na mkwaju mmoja mkubwa. Yote ilikatwa, eti matawi yasije yakatoboa majumba ya upepo ya kurukia. Baada ya hapo pakajengwa paa sehemu mbili tu: juu ya kaunta ya vinywaji vya watu wazima, na juu ya jenereta.

"Niliambiwa jenereta ikipigwa jua inaharibika," anasema Shufaa. "Nikauliza, na mtoto je? Wakacheka. Walidhani natania."

Asiyeijua Chunya ya mwezi wa kumi anaweza kuona haya ni malalamiko ya mtu aliyedekezwa. Aje asimame hapa. Mvua ya mwisho imeshasahaulika, majani yamekauka mpaka kwenye mzizi, na upepo ukivuma unaleta joto lililochanganyika na vumbi. Mtelezo wa chuma unachoma ngozi ya paja. Jumba la upepo, ambalo kwa nje ni rangi na vicheko, ndani yake ni tanuri. Mtoto anaruka akiwa amefungiwa pamoja na hewa ya moto.

Juu ya yote hayo ikawekwa amri: haruhusiwi mtu kuingia na chakula wala kinywaji. Chupa ndogo ya maji ambayo duka la jirani linaiuza shilingi mia tano, ndani ilikuwa elfu moja na mia tano.

Shufaa aliitafsiri amri hiyo kwa namna yake. Vyakula alizuia. Soda alizuia. Chupa ya maji ya mtoto aliipisha. "Mimi nilikuwa natazama pembeni," anasema bila kuona aibu. "Mzazi anafungua mkoba, mimi naangalia barabarani kama vile kuna gari nalisubiri."

Mauzo ya maji ya ndani yakawa hafifu, na wakubwa wakaanza kuuliza kulikoni. Ilipofika sikukuu ya tarehe kumi na nne Oktoba, msimamizi wa bustani, Jofrey, alikuja kusimama getini yeye mwenyewe. Shufaa aliachiwa tiketi. Jofrey alikagua mikoba. Kila chupa aliyoikuta aliitupia kwenye toroli la ujenzi lililoegeshwa nyuma yake.

Miongoni mwa waliofika siku hiyo alikuwa Lea, muuza viazi wa Uyole, upande wa baridi wa Mbeya, pamoja na wanawake wenzake wa kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba. Walikodi basi dogo la Coaster ili watoto wao nao waione bustani inayosifiwa. Lea ni mzaliwa wa Kilolo, mkoani Iringa. Alimbeba binti yake wa miaka mitatu, Mercy, aliyevaa sweta zito na suruali ya sufu.

"Watu walinicheka kwa lile sweta," Lea anasema. "Lakini asubuhi Uyole kulikuwa na ukungu, vidole vinakufa ganzi. Kwetu Kilolo ukimtoa mtoto bila sweta wanakuita mama mbaya. Mimi Chunya nilikuwa sijawahi kufika. Ningejuaje kwamba ukishuka mlima tu unaingia jikoni?"

Alikuwa amejua jambo moja la muhimu: kubeba maji. Getini, Jofrey aliitoa chupa kwenye mkoba wake.

"Mama, maji hayaingii."

"Ni ya mtoto, kaka. Tumetoka mbali."

"Ndani yapo."

"Ndani ni shilingi ngapi?"

"Utaona hukohuko. Pita, unazuia watu."

Shufaa anasema aliangalia chupa hiyo ikiangukia kwenye toroli, akaendelea kuchana tiketi. Alimwambia Jofrey kwamba watoto wa leo ni wengi na wametoka kwenye baridi, hawajazoea. Jofrey akamjibu kwamba anayetaka kazi ya huruma akatafute kanisani au msikitini.

Kufikia saa saba, kaunta iliishiwa maji. Zilibaki soda za moto na bia. Foleni ya jumba la upepo ilikuwa imezunguka uwanja mzima, na katika foleni hiyo hapakuwa na kivuli hata cha kuficha kuku. Lea alikuwa amemvua Mercy sweta na kumfunika kichwa kwa kitenge, lakini alikuwa amechelewa.

"Mwanzo alilia anataka maji," anasimulia, na sauti yake inashuka. "Nikamwambia subiri mwanangu, tumekaribia. Baadaye akanyamaza. Nikashukuru, nikafikiri kalala. Kumgusa, jasho lote limekata, ngozi kavu, ya moto kama sufuria. Macho yamegeuka. Nikapiga kelele."

Kelele hizo zilimfikia Shufaa getini. Aliziacha tiketi zikipeperuka, akakimbia. Alimpokea mtoto na kwenda naye moja kwa moja chini ya lile paa la kaunta, ambako wanaume walikuwa wanakunywa.

"Nyanyueni meza! Nyanyueni, mtoto anakufa!"

Wakanyanyua. Mmoja wao alivua shati lake na kuanza kumpepea. Dada wa kaunta alichota barafu kwenye friji ya bia na kuifunga kwenye aproni yake. Shufaa alimvua mtoto ile suruali ya sufu, akauliza maji yako wapi. Akajibiwa yamekwisha.

Yamekwisha! Katika bustani iliyojaa watoto, saa saba mchana, mwezi wa kumi, Chunya, maji yamekwisha. Na getini kuna toroli zima.

Shufaa alirudi mbio. Jofrey akasimama mbele ya toroli.

"Shufaa, hayo ni maji ya geti."

"Maji ya geti? Geti linakunywa?"

"Ukigusa, usirudi kesho."

Akalishika toroli kwa mipini yote miwili na kulisukuma kuelekea kaunta. Jofrey alipisha mwenyewe, anasema Shufaa, kwa sababu lilikuwa linamwendea magotini. Shufaa alimmwagia Mercy chupa baada ya chupa, kichwani, kwapani, shingoni, akiwaambia watu wasirundikane ili hewa ipite. Mtoto alipokohoa na kuanza kulia, watu waliokuwa wakitazama wakalia pamoja naye.

Lea na Mercy wakapandishwa bajaji kwenda zahanati. Shufaa angeweza kuishia hapo. Lakini aliinua macho na kuiona ile foleni, bado imesimama juani, watoto wamelegea mabegani mwa mama zao. Akalishika tena toroli na kuzunguka nalo uwanja mzima akipaza sauti:

"Mwenye maji yake aje achukue! Asiyekuwa na yake achukue ya mwenzake!"

Toroli lilimalizika kabla hajafika kwenye mtelezo.

Kwenye zahanati, mhudumu alimwambia Lea kwamba mtoto alikuwa amezidiwa na joto na kupungukiwa maji mwilini, na kwamba kama wangeendelea kusubiri foleni, maongezi yangekuwa mengine. Mercy alitundikiwa dripu, na jioni akarudi Uyole akiwa mzima.

Jioni hiyohiyo Shufaa aliambiwa avue fulana ya njano. Hakupewa barua. Hakuitwa kwenye kikao. Alirudi nyumbani amejifunga kanga kifuani juu ya shimizi, kwa sababu asubuhi alikuwa ametoka na fulana hiyohiyo.

"Nilipomwona hivyo nikajua wamemdhalilisha," anasema mumewe, Habibu. "Sikumuuliza kwa nini amegombana nao. Nilimuuliza, mtoto yuko hai? Akasema yuko hai. Basi, nikamwambia, tutakula tulichonacho."

Kesho yake Habibu alikusanya viroba sokoni na kuanza kuviunga. Turubai lile lilipomalizika walilisimamisha hapa, kwenye kiwanja cha jirani yao aliyewaruhusu. Kipato cha juisi bado hakijafikia mshahara wa getini, na kuna siku Shufaa anarudi na ukwaju nusu ndoo.

Mwandishi wa simulizi hii alimpigia simu meneja wa bustani, Sosthenes, ili kusikia upande wake. Alisema kwamba mfanyakazi huyo alivunja utaratibu na kuharibu mali, na kwamba bustani nyingi zina sharti kama hilo.

"Ile ni biashara, si kituo cha misaada," alisema. "Mzazi akiona jua ni kali, asilete mtoto."

Alipoulizwa kuhusu kivuli, alisema kipo kwenye mpango. Alipoulizwa mpango huo ni wa lini, simu ikakatika.

Asilete mtoto! Matangazo ya bustani hiyo yamebandikwa kwenye nguzo kuanzia Makongolosi hadi Mbalizi, yakimwita mtoto huyohuyo aje, tena na nduguze. Anaitwa kwa picha za rangi, analipishwa mlangoni, ananyang'anywa maji, anaanikwa kama dagaa. Akianguka, kosa ni la mama yake.

Akina mama wa mtaani hawakulikubali jibu hilo. Wiki iliyofuata walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Sedekia, naye akaitisha mkutano. Lea alipanda gari kutoka Uyole, akaacha viazi vyake kwa jirani, akaja kusimama mbele ya watu na Mercy mgongoni.

"Sikuja kudai kitu," aliwaambia. "Nimekuja mumwone. Huyu ndiye aliyekatazwa maji."

Sosthenes alikuwepo. Walioshuhudia wanasema alitamka kwamba maji ya watoto yataruhusiwa kuingia kuanzia siku hiyo. Watu wakapiga makofi. Shufaa hakupiga.

"Amesema kwa mdomo," anaeleza. "Mdomo huohuo uliosema nivue fulana. Na kivuli hajakitaja, bomba hajalitaja. Maji ni yetu toka mwanzo, sasa anatupa ruhusa ya kunywa mali yetu, tumshukuru?"

Sedekia anakiri kwamba ahadi ile haina nguvu. "Mimi naweza kuomba, siwezi kuifunga bustani," anasema. "Hili linatakiwa lifike halmashauri, kule wanakotoa leseni."

Huko ndiko Shufaa anakoelekea. Amekubaliana na Lea na akina mama wa Chunya kwenda pamoja, Waislamu na Walutheri, wenye watoto wadogo na wenye wajukuu. Ombi lao ni fupi: bustani yoyote ya watoto isipewe leseni kama haina kivuli kwenye foleni na bomba la maji ya bure, na michezo ifungwe jua linapokuwa kali, ifunguliwe tena alasiri.

Sosthenes aliwahi kumtumia Shufaa mtu amwambie kwamba akinyamaza, nafasi yake getini ipo. Shufaa alimrudisha mjumbe huyo na glasi ya ubuyu tu mkononi.

"Kazi naitaka, nisiwe mwongo," anasema. "Lakini nirudi kusimama pale nifanye nini? Nitazame pembeni mpaka lini?"

Baadhi ya jamaa wanamshauri asubiri, apumzike kwanza, aende mwakani mambo yakiwa yametulia. Anatikisa kichwa na kuonyesha kaskazini, ambako mawingu ya kwanza ya msimu yameanza kujikusanya kwa mbali.

"Mvua ikishanyesha, hapa patapoa na kila mtu atasahau," anasema huku akijifunga upya kanga kiunoni. "Mimi naenda wiki hii, wakati hata wao ofisini wanatoka jasho."