Msumari wa Ishirini na Nne

Jamvi la katani lilishikwa na misumari ishirini na minne, iliyokatwa kutoka kwenye nondo katika karakana ya shamba la mkonge. Kuitunza ilikuwa kazi yangu. Pale karibu na Mazinde tulicheza kriketi juu ya uwanja wa ndege, kwa kuwa hapakuwa na ardhi nyingine iliyo sawa kiasi hicho.

Aliyetufundisha ni rubani. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia dawa kwelea kwelea waliomaliza mpunga wa Korogwe na mtama wa Handeni. Ujanani alikuwa mtupaji mzuri wa mpira kule Tanga, ingawa nje ya Tanga hakuna aliyemjua. Kila Jumapili mchana tulitandika jamvi ili mpira udunde juu yake, tukalipigilia, tukacheza. Wenzetu walituuliza kama tunaogopa ardhi itatoroka. Mchezo ukiisha niling'oa misumari na kuihesabu ndani ya kopo, na rubani hakuondoka kabla ya kuniuliza, "Misumari imetimia?"

Mimi niliishia darasa la saba. Alikuwa amenisifu mbele ya wote kwamba hajapata kuona mtu makini kwa hesabu kama mimi. Ndiyo maana Jumapili moja, nilipohesabu mara tatu na kupata ishirini na mitatu, nilijibu, "Imetimia, Kapteni."

Nilipanga kuutafuta msumari uliopungua kesho yake kulipopambazuka. Nilipofika, ndege ilikuwa imekwisha ruka. Nilitafuta nimeinama mpaka niliposikia inarudi, nikakimbilia pembeni. Ilipogusa ardhi, tairi la kushoto lilipasuka, ikapinduka.

Alipona, lakini mkono wa kulia haukunyooka tena. Wakaguzi waliandika kwamba alitua vibaya. Alikubali. Nilikuwepo akiwaambia watu kwamba kosa ni lake, nami nikanyamaza. Hakurusha tena ndege wala kutupa mpira.

Baadaye niliugawa uwanja kwa kamba, hatua tatu kwa tatu, nikapekua kila mraba. Sikuuona. Huenda si msumari uliopasua tairi. Asubuhi ile upepo pia ulikuwepo. Nimesoma kila nilichopata kuhusu matairi na kutua kwa ndege, na hakuna ukurasa ulionitoa hatiani wala ulionitia.

Mwaka huu nilipanda basi Mkata, nikabadilisha Segera, nikafika kwake Korogwe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa utaratibu, tangu kopo hadi tairi. Binti yake alinitahadharisha mlangoni kwamba siku hizi baba anachanganya miaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama usoni, kisha mikononi. "Misumari imetimia?"

Maneno niliyoyapanga hayakunifaa kitu.

"Haijatimia, Kapteni. Umekosekana mmoja."

"Basi kesho siruki," alisema bila hasira, kama mtu anayeahirisha safari kwa ajili ya mvua. "Nenda kautafute."

Ni hivyo tu. Jibu nililopaswa kumpa Jumapili ile lilikuwa fupi kiasi hicho, na lingegharimu asubuhi moja tu.

Binti yake alinionyesha kwa mkono kwamba nikae, atasahau sasa hivi. Sikukaa. Nilitoka uani, nikaanzia kwenye kona ya lango, nikainama. Nilipoinua macho alikuwa dirishani, ananisubiri.